Bakteria Anayesikia Dawa Lakini Hafi

Mjomba wangu alikuwa fundi wa nyavu pale Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, na alipougua kifua kikuu aliacha dawa katika mwezi wa tatu wa matibabu. Kikohozi kilikuwa kimekoma, mwili umerudi, na ule mkojo mwekundu unaoletwa na rifampicin, mojawapo ya dawa hizo, ulikuwa umemchosha kwa maneno ya vijana waliokuwa wakijisaidia naye kando ya mitumbwi. Mwaka uliofuata alirudi hospitali akiwa amekonda kuliko mara ya kwanza. Sisi wa ukoo tulikwisha kugawanyika katika kambi mbili, moja ikisema ugonjwa umekuwa sugu, nyingine ikisema dawa za awali zilikuwa feki. Kambi ya pili ilikuwa na kazi ya kueleza ni vipi dawa feki zilimnenepesha mgonjwa kwa miezi mitatu. Kambi ya kwanza ilikatwa kauli na mashine ya GeneXpert, ambayo ndani ya saa mbili hivi ilionyesha kwamba bakteria wapo na kwamba hakuna dalili ya usugu dhidi ya rifampicin. Mtaalamu wa maabara alituambia kwa lugha ya kawaida kwamba wadudu hawa wanasikia dawa vizuri, yaani dawa bado inawaweza.

Jibu hilo lilitutuliza, lakini mimi liliniachia swali ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Kama wanasikia dawa, na kama mgonjwa alizimeza kila siku kwa wiki nyingi, ni akina nani hao waliobaki hai mpaka siku alipoacha? Kusema kwamba hakumaliza dozi ni kutaja kosa la mjomba, na kosa hilo sikatai kwamba lipo, ila hakuelezi bakteria aliponea wapi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mazungumzo yetu kuhusu antibiotiki yana neno moja tu, usugu, ambalo tumelibebesha mizigo miwili tofauti, na kwamba mzigo wa pili hauwezi kueleweka bila kutazama jinsi bakteria anavyoongoza utengenezaji wa protini wakati wa dhiki.

Protini ndizo vifaa na ndizo wafanyakazi wa seli, na kiwanda chake ni ribosomu, chombo chenye vipande viwili, kidogo na kikubwa, ambacho husoma ujumbe wa RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, na kuunganisha asidi amino, matofali ya protini, moja baada ya nyingine kufuata ujumbe huo. Bakteria wa tumboni aitwaye Escherichia coli, akiwa kwenye chakula kizuri, anaweza kuwa na makumi ya maelfu ya ribosomu, kila moja ikiunganisha asidi amino kati ya 15 na 20 kwa sekunde, na seli nzima hugawanyika kuwa mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria wa kifua kikuu ni mzito zaidi, kwani huchukua kama saa 20 kufanya kazi hiyo hiyo. Kwa wote wawili, kutengeneza protini ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika bajeti ya nishati, na kwa hiyo chakula kikipungua, kiwanda hiki ndicho kinachobanwa kwanza. Ribosomu ya bakteria pia inatofautiana na yetu kwa umbo, na tofauti hiyo ndiyo iliyowapa madaktari mahali pa kupiga: streptomycin, gentamicin, tetracycline, doxycycline, chloramphenicol, erythromycin, azithromycin na linezolid zote zinashambulia ribosomu, kila moja kwenye sehemu yake na kwa namna yake.

Msomaji wa Kigoma ataniruhusu nitumie dagaa. Uvuvi wetu wa dagaa ni wa taa. Usiku wa giza ziwa linawaka kama mji mwingine mbele ya mji, lakini mbalamwezi ikikomaa taa hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi huvuta vyombo mchangani, hushona nyavu na kungoja giza lirudi. Sasa chukua mgeni ambaye njia yake pekee ya kuhesabu wavuvi ni kuhesabu taa kutoka mlimani usiku. Wiki ya mwezi mpevu ataandika kwamba Kigoma haina mvuvi hata mmoja. Antibiotiki nyingi zinafanana na mgeni huyo, kwa maana humkamata bakteria kupitia kazi anayoifanya. Penisilini na ndugu zake humvunja wakati anajenga ukuta wake, isoniazid nayo inahitaji bakteria wa kifua kikuu awe anajenga mafuta ya ukuta, na streptomycin huifanya ribosomu isome ujumbe vibaya, jambo ambalo lina madhara pale tu ribosomu inaposoma.

Kinachozima taa kimejulikana kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1969 Michael Cashel na Jonathan Gallant waliwanyima bakteria asidi amino, kisha wakatenganisha kemikali za seli zao kwenye karatasi maalumu, na wakaona nukta mbili ambazo hazikuwapo kwa bakteria walioshiba. Waliziita nukta za kichawi, na jina hilo la utani limedumu. Nukta hizo ni molekuli ambazo leo huandikwa ppGpp na pppGpp. Mahali zinapozaliwa ni pa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mlinzi anayepiga kengele anakaa kiwandani kwenyewe. Asidi amino huletwa kwenye ribosomu na RNA ya kubebea, mfano wa mchukuzi aletaye tofali. Asidi amino zikiisha, mchukuzi huingia ribosomu mikono mitupu. Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali) kiitwacho RelA, ambacho hujishikiza kwenye ribosomu, humtambua mchukuzi huyo asiye na mzigo na kuanza kutengeneza ppGpp kwa wingi. Ndani ya dakika chache seli inapunguza ujenzi wa ribosomu mpya, inapunguza kunakili DNA, na inaelekeza kidogo kilichobaki kwenye jeni za kujikimu. Bakteria hana ubongo wa kuamua haya. Anayeamua ni mkono mtupu mmoja ulioingia mahali pasipostahili.

Ribosomu zilizopo hazitupwi pia, kwa kuwa ziligharimu sana. Katika E. coli, protini mbili ndogo huzishika ribosomu zisizo na kazi na kuziunganisha mbili mbili, vipande vidogo vikielekeana, kama mitumbwi miwili iliyofungwa kamba moja ufukweni isichukuliwe na mawimbi. Chakula kikirudi, zinafunguliwa na kazi inaanza kwa dakika chache tu. Bakteria wa jamii ya kifua kikuu hawazifungi jozi, ila nao wana protini inayojichomeka ndani ya ribosomu moja moja na kuilaza. Joto kali, baridi ya ghafla na ukosefu wa oksijeni vina njia zake pia za kuiongoza kazi hii, lakini kwa mgonjwa wetu wa Kibirizi lililo muhimu ni hili la njaa, kwa sababu ndani ya mapafu bakteria wa kifua kikuu hufungiwa katika vijinundu vyenye chakula kidogo na hewa kidogo, na huko hulala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu walioondolewa jeni ya kutengeneza ppGpp waliweza kuanzisha maambukizi katika panya, lakini hawakuweza kuyadumisha.

Kwamba wachache hunusurika bila kuwa sugu lilionekana mapema kuliko nukta za kichawi. Mwaka 1944, penisilini ikiwa bado changa, Joseph Bigger wa Ireland aliwamwagia dawa hiyo bakteria wa staphylococcus akakuta kwamba karibu mmoja katika kila milioni alibaki hai. Alichofanya baadaye ndicho kinachonivutia zaidi. Aliwachukua walionusurika, akawaotesha upya, akawamwagia penisilini tena, nao wakafa kwa wingi ule ule kama wazazi wao, tena wakibakiza wachache wale wale. Hapakuwa na mabadiliko ya kurithi. Miaka 60 baadaye, mwaka 2004, Nathalie Balaban na wenzake waliwafuatilia bakteria mmoja mmoja chini ya hadubini, wakaona kwamba wengi wa wale wanaonusurika walikuwa wamekwisha kupunguza mwendo kabla dawa haijafika. Yaani kila siku, hata siku ya shibe, wapo wavuvi wawili watatu ambao hawakushuka ziwani.

Hapa inanibidi niweke tahadhari, maana fani hii imewahi kujikwaa hadharani. Makala mbili maarufu za mwaka 2011 na 2013 zilieleza kwa kina jinsi vimeng'enya fulani vinavyokata RNA ya ujumbe, na hivyo kusimamisha ribosomu, vinavyowaingiza bakteria katika usingizi huo. Baadaye ikagundulika kwamba bakteria waliotumika maabara walikuwa wameingiliwa na kirusi cha bakteria ambacho kiliharibu matokeo, na mwaka 2018 makala zote mbili zikaondolewa. Vimeng'enya vyenyewe ni vya kweli, na bakteria wa kifua kikuu anavyo makumi. Kilichopungua ni uhakika wa mnyororo mzima uliokuwa umechorwa. Nalitaja kwa sababu nimesikia mnyororo huo ukifundishwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hadi hapa nimezungumzia bakteria anayejificha. Yupo anayefanya jambo la werevu zaidi, la kuitumia dawa yenyewe kama kengele. Baadhi ya staphylococcus wana jeni ya kimeng'enya ambacho huweka alama ndogo ya kikemikali kwenye ribosomu zao, mahali hasa ambapo erythromycin hushika, na ribosomu yenye alama hiyo dawa haiishiki tena. Lakini kuweka alama kuna gharama, kwa hiyo kimeng'enya hakitengenezwi bila sababu. RNA inayobeba maagizo yake imejikunja kiasi kwamba mahali pa kuanzia kusoma pamefichwa, na mbele ya maagizo hayo kuna ujumbe mfupi wa asidi amino 19 tu, usio na kazi nyingine inayoeleweka zaidi ya kusomwa. Siku za amani ribosomu huusoma ujumbe huo mfupi, humaliza, huondoka, na maagizo yanabaki yamekunjwa. Erythromycin ikiwapo kwa kiasi kidogo, ribosomu iliyoshikwa na dawa huanza kusoma, kisha hukwama katikati, baada ya asidi amino ya tisa. Kukwama kwake hapo kunaibana RNA, mkunjo unafumuka, na mahali palipofichwa panafunguka. Ribosomu nyingine, ambayo haijashikwa, inapita na kusoma maagizo ya kinga. Dawa imekwamisha kiwanda, na ule ukwamaji ndio uliotoa amri ya kujikinga. Sijui kifaa kingine cha kengele ambacho mwizi hukipiga mwenyewe kwa mkono wake.

Huo sasa ni usugu halisi, ulioandikwa kwenye jeni na unaorithiwa, ila unangojea kuwashwa. Jeni nyingi za usugu wa tetracycline huongozwa vivyo hivyo, kwani protini inayozifunga huachia DNA pale tetracycline inapoishika. Tanzania ina historia yake katika hili, na inasikitisha kwamba haitajwi sana. Kipindupindu kilipozuka Oktoba 1977, vimelea vilisikia tetracycline. Dawa ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa watu wazima wa afya kama kinga, na baada ya miezi mitano asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa havikuisikia tena. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulipowakumba wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana kijijini Kagunga, kabla ya kuvushwa kwa meli kuja Kigoma mjini na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, msingi wa tiba ulikuwa ule ule ambao bakteria hawezi kuupinga, yaani kurudisha maji na chumvi mwilini, antibiotiki ikiwa msaidizi.

Nirudi mtaani. Juzi nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya duka la dawa maeneo ya Mwanga, mbele yangu kijana mwenye kidonda cha mguu kilichofungwa kitambaa. Alitaka rangi mbili, ambazo pale dukani zilikuwa amoksilini.

"Dada, nichanganyie na doksi kidogo, ikamate haraka."

"Cheti unacho, kaka?"

"Cha nini? Ni kidonda tu."

Muuzaji alisitasita, akatazama foleni, akahesabu vidonge vitatu vya huku na vitatu vya kule, akavifunga kwenye karatasi. Wengi wetu tungeona kosa hapo ni cheti na uchache wa vidonge, na ni makosa kweli. Lakini tazama mchanganyiko wenyewe. Amoksilini humuua bakteria anayekua, kwa kumvuruga anapojenga ukuta. Doxycycline husimamisha ribosomu, na bakteria ambaye ribosomu zake zimesimama haendelei kukua. Kijana amelipa pesa ili dawa ya pili imfundishe bakteria kuikwepa ya kwanza. Si nadharia tupu, kwani mwaka 1951 Mark Lepper na Harry Dowling waliripoti kwamba wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na bakteria aitwaye pneumococcus, waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya tetracycline, walikufa kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko waliopewa penisilini peke yake. Ipo michanganyiko ambayo madaktari huitoa kwa makusudi na kwa sababu nzuri, kwa mfano katika nimonia kali, na tiba ya kifua kikuu haiwezekani bila mchanganyiko. Ndiyo maana kuchanganya si kazi ya mwenye haraka.

Kwa hiyo naona tunahitaji neno la pili. Wataalamu wa afya wametupa usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na hata ufupisho wake, UVIDA, na neno hilo libaki kwa bakteria anayekua huku dawa ipo, mwenye silaha ya kurithisha. Kwa yule wa Bigger, asiye na silaha ila amesimamisha kazi, wengine hutumia ustahimilivu. Silipendi sana, maana linamvika sifa ya shujaa avumiliaye mapigo, wakati ukweli ni kwamba mapigo hayampati. Kiswahili cha mtaani kina kitenzi kinachomfaa zaidi: kujikausha. Mtoto aliyevunja kikombe hujikausha, mdaiwa akipita mbele ya duka hujikausha. Haoneshi dalili, hajibu, anangoja upite. Bakteria huyu amejikausha, na kipimo cha kawaida cha maabara hakimwoni, kwa sababu kipimo hicho huuliza kama bakteria wanaota karibu na dawa kwa muda wa siku moja hivi, na aliyejikausha haoti.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Tukiwaambia watu kwamba dozi hukamilishwa ili kuzuia usugu, na tukaishia hapo, tunawapa sababu isiyofanana na magonjwa yote. Kwa kifua kikuu sababu kubwa ni waliojikausha. Kabla ya rifampicin na pyrazinamide tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na dawa hizi mbili ziliifupisha hadi miezi 6 kwa sehemu kubwa kwa sababu zinawafikia hata wale wanaofanya kazi kidogo sana. Rifampicin hukata unakili wa ujumbe kabla haujafika kwenye ribosomu, kwa hiyo humpata bakteria pale anapoamka hata kwa muda mfupi, na pyrazinamide hufanya kazi vizuri kwenye mazingira ya uchachu wanakolala. Kwa upande mwingine, kwa nimonia ya kawaida ya mtoto anayepumua haraka, Shirika la Afya Duniani linaelekeza amoksilini ya siku tatu hadi tano, wala si kwa sababu linapuuza usugu. Mama anayeambiwa kwamba siku nyingi ni bora kila mara atashangaa, na akishangaa bila maelezo atatengeneza maelezo yake.

Nakiri pia kwamba vitu hivi viwili havikai mbalimbali milele. Mwaka 2017 kundi la Balaban lilionyesha kwamba E. coli wanaopigwa ampicillin, ndugu wa penisilini, kwa vipindi, leo dawa, kesho hakuna, kwanza hupata mabadiliko ya kurithi ya kuchelewa kuamka, na usugu kamili huja baadaye juu ya msingi huo. Anayejikausha kwa muda mrefu hupata nafasi ya kutafuta silaha. Kwa hiyo wanaosema nusu dozi huzaa usugu hawajakosea, wameruka hatua moja tu, na hatua hiyo ndiyo iliyomrudisha mjomba hospitali akiwa na bakteria wanaosikia dawa.

Safari ya pili muuguzi alimweleza kwa subira, naye akaelewa kwa njia yake, akawa anahesabu matibabu kwa mbalamwezi badala ya kadi ya kliniki. Ya sita ilipopita alipeleka makohozi, yakaonekana safi. Akamuuliza muuguzi kama hadubini inaweza kuwaona na wale waliojikausha. Muuguzi alimjibu kwamba hadubini inaona waliokoholewa tu, akampangia tarehe ya kurudi kuangaliwa.